Kilo Tisini na Moja za Mzee Tani

Fundi saa aliyeitwa Njiti hakuwa na ugomvi na jina hilo. Alikuwa mwembamba tangu siku aliyozaliwa, na kazi yake haikumtaka awe vinginevyo. Mtu anayeshinda ameinamia meza akitafuta skrubu ndogo kama chembe ya mchanga anahitaji macho na subira. Misuli ya nini? Kitu kizito kuliko vyote alichowahi kukinyanyua dukani kwake kilikuwa saa ya ukutani ya shule, na hata hiyo alimwita jirani yake muuza viatu aje kumshikia upande mmoja.

Taabu ilikuwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa na baba yake.

Baba mtu alijulikana mtaa mzima kama Mzee Tani. Miaka thelathini alipakia na kupakua magunia kwenye maghala, na walioshuhudia huapa kwamba alikuwa akibeba mawili kwa mpigo huku anapiga mluzi. Wengine husema matatu, lakini hao wanatia chumvi. Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, upande wa kulia ukalegea, na yule mbebaji akawa wa kubebwa. Kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kutoka kwenye kiti kurudi kitandani, kila siku ya Mungu. Dada yake Njiti, mwoka mikate mwenye mikono iliyokanda unga tangu usichana wake, alimshika mzee kwapani. Njiti alishika miguu. Kusema kweli aliyekuwa anabeba ni Dada. Njiti alikuwa anasindikiza.

Sasa Dada alikuwa anaolewa, tena anakwenda kuishi mji mwingine.

Shangazi, dada mkubwa wa Mzee Tani, alifika mara tu aliposikia habari za posa. Alikuwa mama wa kusema jambo mara moja tu na kutegemea lifanyike. Alikaa, akanywa chai, akauliza, "Huyu binti akishaondoka, nani atamwinua mdogo wangu?"

"Mimi, Shangazi," Njiti akasema.

Shangazi akamtazama kuanzia kidole gumba mpaka utosini, safari ambayo haikumchukua muda mrefu. "Wewe na nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya. Wiki kumi na mbili kutoka leo, Jumapili inayofuata harusi, nitakuja asubuhi. Ukimtoa kitandani ukamkalisha kwenye kiti peke yako, mbele ya macho yangu haya, atabaki hapa. Ukishindwa naondoka naye. Kwangu nina watoto wawili wa kiume, kila mmoja ana mkono mnene kuliko paja lako. Nisikudanganye, mwanangu, sitaki mdogo wangu aje aangushwe."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa ya haki. Mwezi mmoja kabla, Dada akiwa sokoni, Njiti alijaribu kumwinua mzee peke yake, na wote wawili wakaishia sakafuni wakitazamana mpaka Dada aliporudi. Mzee Tani hakuumia, ila tangu siku hiyo kila alipoguswa na Njiti alikuwa anafumba macho.

Kwenda kuishi kwa dada yake huyo, mzee hakutaka hata kusikia. Shangazi angempunguzia sukari kwenye chai, angemzimia redio mpira ukiwa katikati, na angemwita "mtoto" mbele za watu, naye ana miaka sitini na nane. Njiti naye hakutaka. Kila jioni alipofunga duka alikaa karibu na kile kitanda, redio inaunguruma, baba yake akimtukana kipa wa timu yao wenyewe. Ndiyo saa aliyoipenda kuliko saa zote, na fundi saa akisema hivyo anajua anachosema. Dada akiondoka na mzee akiondoka, angebaki na kuta.

Basi akapiga moyo konde, akaenda jimu.

Jimu yenyewe ilikuwa nyuma ya gereji. Vyuma vingine vilikuwa vya kununuliwa, vingine vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, kila kimoja kimeandikwa kilo zake kwa chaki. Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mwenye penseli sikioni na daftari mkononi. Vijana wenye vifua walimwogopa.

"Unataka nini?" akamuuliza Njiti. "Kifua? Mikono ya kuvalia fulana?"

"Nataka kumnyanyua baba yangu."

Kocha hakucheka. Aliitoa penseli sikioni. "Baba ana kilo ngapi?"

Njiti alikuwa amekuja amejiandaa. Akatoa kadi ya kliniki, akasoma: sabini na nane. Kocha akaandika sabini na nane kwenye kichwa cha ukurasa, akapiga mstari chini yake, na kuanzia hapo mambo yote yakawa hesabu. Siku tatu kwa wiki, siku moja kati ya zoezi na zoezi ya kupumzika. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kukivuta kifuani. Seti tano, kila seti mara tano. Waanze na kilo arobaini, waongeze kilo mbili na nusu kila siku ya zoezi, na mwili ukianza kulalamika waongeze kila wiki.

"Na chakula?" Njiti akauliza.

"Mayai, maharage, maziwa, na ulale mapema. Unga wa makopo ni hiari yako. Bila chuma hauna kazi."

Katika sentensi zote hizo Njiti aliondoka na neno moja tu, nalo ni unga.

Wiki ya kwanza aliona cha mtema kuni. Siku ya pili alishuka ngazi za duka kinyumenyume. Siku ya tatu mikono ilimtetemeka, skrubu ya saa ya mteja ikaruka, na muuza viatu akaikuta baadaye ndani ya raba ya kulia. Lakini alijikaza kisabuni, akarudi. Kocha akaandika, akaongeza chuma, akasema, "Mgongo wima. Tena."

Kopo alilonunua lilikuwa kubwa kama ndoo. Ubavuni palikuwa na picha ya mwanamume asiye na shingo, na maandishi makubwa: unga wa kuongeza mwili, ladha ya chokoleti. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, na lihifadhiwe mahali pakavu. Hapo ndipo fundi wetu, mtu wa kupima kila kitu, alipokosea. Jikoni kwa Dada kulikuwa na mvuke wa mikate na msafara wa sisimizi. Chumbani kwake Njiti paa lilivuja. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu katika nyumba nzima, chumbani kwa mzee, kando ya kitanda, upande wa mkono wa kushoto, ule mzima. Akaliweka hapo. Juu yake, ukutani, akabandika karatasi ya mpango wa wiki kumi na mbili ili kila akimaliza zoezi aweke alama ya vema kwa kalamu ya buluu, mzee akiona.

"Na unga huu ndio wa kumfanya mtu awe na nguvu?" Mzee Tani akauliza, akilitazama kopo kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Ndiyo, Baba. Una protini."

"Enzi zetu protini alikuwa msimamizi wa ghala. Akikufokea tu, unanyanyua."

Njiti akacheka, akakoroga vijiko vyake viwili, akanywa.

Mambo yakaenda vizuri kwa njia ambayo ingemtia shaka mtu mwenye shaka. Kilo hamsini. Kilo sitini. Mikono ya mashati ikaanza kumbana. Muuza viatu aliacha kumwita Njiti, akajaribu kumwita Kijiti, akasema hiyo ndiyo hatua inayofuata. Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na vijimambo. Kopo la mwezi mmoja liliisha kwa siku kumi na sita, Njiti akajilaumu kwamba anajaza kijiko mno, akanunua jingine. Pasi ya Dada, ile nzito ya mkaa, ilipotea siku mbili na kuonekana chini ya kitanda cha mzee. Mzee akajifanya hamnazo. Kila mtu alipokaribia mlango wa chumba kile mchana, kitanda kililia kwi-kwi-kwi kisha kikanyamaza ghafla, na mzee akakutwa amelala chali, jasho linamtiririka, anakodolea dari. "Joto," alikuwa akisema, hata siku za mvua. Na kwenye karatasi ya ukutani, siku zile za kupumzika, zikaanza kutokea alama za vema zilizochorwa kwa mkaa. Njiti akadhani ni Dada anamfanyia mzaha. Dada alikuwa na mambo ya harusi kichwani, wala hakuwa na habari.

Mwisho wa wiki ya nane, Njiti alinyanyua kilo themanini na mbili na nusu kutoka sakafuni, mara tano, bila kuyumba. Kocha akaandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo alilofanya kama mara mbili kwa mwaka. Sabini na nane ilikuwa imepitwa na zaidi ya kilo nne. Njiti alikwenda nyumbani mbiombio, akafungua mlango wa chumba kwa mkono mmoja, akasema, "Baba, leo nakutoa."

"Dada yako yuko wapi?"

"Hatumhitaji."

Mzee akafumba macho. Njiti akachuchumaa, mgongo wima, akamzungushia baba yake mikono kifuani, akavuta pumzi, akanyanyua.

Mzee Tani hakusogea. Njiti akanyanyua tena mpaka akaona nyota mchana. Shuka lilisogea, godoro lilisogea, kitanda chenyewe kilisogea kidogo kuelekea dirishani. Mzee alibaki palepale.

"Umemaliza?" mzee akauliza, macho bado yamefumbwa.

Njiti akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Si kidogo. Alilia kama mtu aliyekula mayai mia mbili bure.

Kesho yake alimpelekea Kocha mashtaka. Kocha akafungua daftari, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka ncha ya penseli juu ya sabini na nane. "Hii kadi ni ya lini?"

Njiti akaitazama. Ilikuwa ya siku mzee alipotoka hospitali, mwaka uliopita, amekondeana, mashavu yameingia ndani. Mtu anayerekebisha saa za watu kwa sekunde alikuwa ametumia tarehe ya mwaka jana.

"Kampime," Kocha akasema.

Mizani ya kumpima mtu asiyesimama haikuwapo karibu, isipokuwa ile ya bamba ya mnunuzi wa vyuma chakavu, mtaa wa pili. Wakamsukuma mzee na kiti chake mpaka juu ya bamba, katikati ya rediata na milango ya magari. Mnunuzi akasogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akakuna kichwa.

"Mia moja na tisa," akasema. "Toa kiti, kumi na nane. Tisini na moja. Mzee, ningekununua, ila bei yako siiwezi."

"Hata baba yako asingeiweza," Mzee Tani akajibu, na akaonekana kufurahi kupita kiasi.

Njiti hakufurahi. Tisini na moja! Wakati yeye anapanda ngazi za kilo kwa jasho, kuna mtu alikuwa anazisogeza juu. Akamtazama baba yake usoni kwenye jua kali, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaona mashavu yamerudi, shingo imerudi, na pembeni mwa mdomo, chini ya sharubu, kuna unga wa kahawia.

"Baba," akasema taratibu. "Umekula unga wangu?"

Mzee akajipangusa, lakini alikuwa amechelewa. "Nimeonja."

"Makopo mawili?"

"Mtamu," mzee akasema. "Na maji yake nakunywa. Uliandikwa ukorogwe, nikaukoroga."

"Baba, unataka kwenda kwa Shangazi?" Sauti ilimpanda Njiti mpaka mnunuzi wa vyuma akaingia ndani ya kibanda chake kwa adabu. "Niambie tu! Mimi navunjika mgongo ubaki nyumbani, wewe huku unanenepa. Kama unataka kwenda, sema, nipumzike!"

 Mzee Tani aliinamisha kichwa, akaitazama miguu yake miwili iliyokaa kwenye vibao vya kiti. "Sitaki kwenda," akasema. "Nisukume twende nyumbani, jua kali."

Njiti hakumuuliza zaidi kwa sababu alikuwa amekasirika. Akamsukuma mpaka nyumbani. Kopo likahamishiwa jimu siku hiyohiyo, likafungiwa kabatini, ufunguo ukakaa kwa Kocha.

"Zimebaki wiki nne," Kocha akasema. "Kilo mbili na nusu kila wiki. Themanini na mbili na nusu inakuwa tisini na mbili na nusu. Kama yeye asipoongezeka, unampita kwa kilo moja na nusu."

"Inatosha?"

"Chuma kinakaa kimya unapokinyanyua. Baba yako sijui."

Wiki hizo nne Njiti aliishi kwa daftari. Alikula, alinyanyua, alilala. Kitanda cha mzee kiliendelea kulia kwi-kwi-kwi mchana, alama za mkaa ziliendelea kuongezeka, na yeye hakuwa na nafasi kichwani ya kujiuliza. Jioni walisikiliza redio pamoja lakini hawakusemezana sana. Harusi ikafika, Dada akaolewa, akalia, akaondoka. Siku iliyotangulia harusi Njiti alinyanyua tisini na mbili na nusu. Mara moja tu. Kocha aliiandika hiyo moja kwa herufi kubwa.

Jumapili asubuhi Shangazi alifika na wanawe wawili. Hakuwa ametia chumvi kuhusu mikono yao. Walisimama mlangoni mwanga ukakosa pa kupitia. Kocha naye alikuja, akajibanza pembeni na daftari lake. Mzee Tani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda alipokalishwa na muuza viatu na Njiti asubuhi ile, amenyolewa, amevaa shati lake la zamani la kazi ya ghala na viatu. Viatu hivyo Njiti alivishangaa, kwa kuwa mzee hakuvitaka tangu siku ya kiharusi, lakini leo alikuwa amevidai kwa ukali.

"Mko tayari?" Shangazi akauliza. Begi la kumbebea mdogo wake nguo alikuwa amelikumbatia.

"Tuko tayari," Njiti akasema. Alikisogeza kiti cha magurudumu karibu, nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akasahau kufunga breki. Akachuchumaa. Alinusa sabuni ya kunyolea ya baba yake. Akamzungushia mikono kifuani, akaikutanisha mgongoni.

Akagundua kitu. Mzee hakuwa amefumba macho.

"Hesabu," mzee akamnong'oneza sikioni. "Kama tunapakia lori. Tatu tunakwenda."

"Baba, wewe kaa tu, mimi..."

"Moja. Mbili."

Njiti akavuta pumzi ya wiki kumi na mbili, akaita kila yai na kila haragwe, na kwenye tatu akanyanyua kilo tisini na moja kwa nguvu zake zote.

Hazikuwapo. Mikononi mwake kulikuja kama nusu yake, pengine pungufu. Nguvu zote zile zilikosa pa kwenda, zikampeleka yeye. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, mikono ikamtoka, kiti kikamgonga nyuma ya magoti, akakaa kwa kishindo, na kiti kisicho na breki kikamchukua kinyumenyume mpaka kikagonga ukuta chini ya karatasi ya mpango.

Alipoinua uso, alimwona baba yake.

Mzee Tani alikuwa amesimama. Mkono wa kushoto ulishika nguzo ya kitanda, goti la kulia lilitetemeka vibaya, lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, ndani ya viatu, mrefu kama alivyokuwa.  Wale vijana wawili walinyoosha mikono kumdaka, na Shangazi akawapiga vibao mikononi bila kuwatazama.

"Tangu lini?" Njiti akauliza. 

"Tangu ulipobandika hiyo karatasi yako," mzee akasema, akihema. "Siku zako za kupumzika zilikuwa zangu. Yale mazoezi ya kliniki niliyoyakataa, ya kuinua makalio na kusukuma ukuta kwa mguu. Na pasi ya dada yako. Seti tano, mara tano, kama ulivyoandika. Halafu mtu wa chuma si lazima ale unga?"

"Mbona hukuniambia? Nilikufokea mbele za watu, Baba!"

"Ningekuambia, ungekuja kunitazama. Ningeanguka unanitazama."  "Tulishaanguka mara moja mimi na wewe. Nilikuona ulivyoniangalia pale sakafuni. Sikutaka tena."

Shangazi aliweka begi chini. Alikuwa analia waziwazi na hakujishughulisha kuficha. "Sasa mimi nihesabuje?" akamuuliza Kocha, ambaye hakuwa anamfahamu. "Nani kamnyanyua nani hapa?"

Kocha alikuwa ameitoa penseli sikioni, ameiweka juu ya karatasi, na haikuandika kitu.

Njiti alibaki ameketi, mikono mitupu magotini, akimtazama baba yake aliyesimama. Angeweza kukaa hapo mpaka adhuhuri. Goti la kulia la mzee ndilo lililokataa, likaanza kucheza mpaka nguzo ya kitanda ikalia kwi-kwi-kwi.

"Ondoka kwenye kiti changu," Mzee Tani akasema, "upesi. Na leo funga breki."